Usomekaji wa Matini za Kiswahili Katika Tovuti: Jicho, Mstari na Neno

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta maelezo kuhusu ngeli, uhakiki wa tamthilia au sheria za arudhi siku hizi huanza safari yake katika rununu kabla ya kufika maktabani. Mara nyingi hukipata anachokitafuta. Mara nyingi pia hukiacha kabla ya kukimaliza, si kwa sababu maelezo yenyewe ni mabaya, bali kwa sababu yamewekwa kwa herufi ndogo za kijivu, katika mistari inayokatika ovyo, ndani ya aya moja inayojaza kiwambo mara tatu. Mwanafunzi huyo huufunga ukurasa na kuyatafuta maelezo yayo hayo kwa Kiingereza, mahali palipopangwa kwa ustadi zaidi. Hapo Kiswahili huwa kimempoteza msomaji ambaye tayari kilikuwa kimempata.

Upotevu wa namna hii haujashughulikiwa sana na wataalamu wa lugha. Mijadala kuhusu Kiswahili na teknolojia imejikita zaidi katika istilahi: iwapo chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na iwapo kinachotazamwa ni kiwambo au skrini. Mijadala hiyo ina thamani yake, na zipo kazi za kujivunia zilizofanywa sambamba nayo. Mradi wa kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1994. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka wa 2003. Nayo programu ya Jambo OpenOffice ilitolewa jijini Dar es Salaam mwaka wa 2004. Hata hivyo, istilahi teule katika ukurasa usiosomeka haimfai mtu. Makala haya yanachunguza upande huo wa pili: namna matini ya Kiswahili inavyopaswa kupangwa katika tovuti ili jicho liifuate bila taabu. Yanashikilia kwamba kanuni zilizoundwa kwa kuitazama lugha ya Kiingereza zinafaa kwa kiasi kikubwa, ila kuna mahali ambapo maumbile ya Kiswahili yanadai kanuni zake.

Jicho Linavyosoma

Mtu anaposoma huhisi kwamba macho yake yanateleza juu ya mstari kama mashua juu ya maji matulivu. Sivyo. Katika maabara ya daktari wa macho Louis Émile Javal jijini Paris, mwishoni mwa karne ya 19, ilibainika kwamba jicho husoma kwa kuruka na kutua, kuruka na kutua. Edmund Huey aliyaeleza mambo hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka wa 1908 kuhusu saikolojia ya usomaji. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba jicho hutua kwa takriban robo ya sekunde, kisha huruka. Kwa msomaji wa Kiingereza, mruko mmoja huwa na urefu wa herufi 7 hadi 9, na katika kila kituo anaweza kunufaika na herufi zipatazo 14 au 15 zilizo upande wa kulia wa pale alipotua. Kilicho mbali zaidi ya hapo ni ukungu.

Mruko mrefu kuliko yote ni ule wa kutoka mwisho wa mstari mmoja hadi mwanzo wa mstari unaofuata. Mstari ukiwa mrefu mno, jicho hupotea njiani: hurudi kwenye mstari lililokwisha kuusoma, au huruka mmoja na kuingia wa tatu. Mstari ukiwa mfupi mno, safari hizo za kurudi huwa nyingi na fikra hukatizwa kila baada ya maneno mawili matatu. Ndiyo maana wapiga chapa wa vitabu tangu zamani wamependelea urefu wa wastani. Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha mwaka wa 1992 kuhusu sanaa ya upangaji wa herufi, anataja alama 45 hadi 75 kwa kila mstari kuwa kipimo cha kuridhisha, huku 66, pamoja na nafasi zilizo baina ya maneno, kikiwa kipimo bora.

Tovuti haikuzaliwa na kipimo hicho. Tim Berners-Lee alipoweka ukurasa wa kwanza mwaka wa 1991, maandishi yaliachwa yatambae kutoka pambizo moja ya dirisha hadi nyingine, kwani haikujulikana msomaji atatumia chombo gani. Lilikuwa wazo la busara. Lakini ukurasa wa aina hiyo ukifunguliwa leo katika kiwambo kipana cha maktaba ya chuo, mstari mmoja unaweza kupita alama 150. Dawa ilipatikana mapema: lugha ya mitindo ya kurasa, maarufu kama CSS, iliidhinishwa mwaka wa 1996, na kwa amri yake moja tu mwenye tovuti anaweza kuuwekea mstari upana wa juu usioweza kupitwa. Wengi hawaitumii amri hiyo. Wengine huitumia lakini husahau nafasi ya wima. Mistari ikisongamana, hata iwe mifupi, jicho hukosa njia ya kurudia. Nafasi ya mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi ndiyo inayopendekezwa katika miongozo ya kimataifa ya ufikikaji wa tovuti, iitwayo kwa kifupi WCAG, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka wa 2008 na kuongezewa masharti mwaka wa 2018 na 2023.

Neno Refu la Kiswahili

Hapa ndipo Kiswahili kinapojitenga. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi: kiima, wakati, urejeshi, yambwa na mzizi huweza kukaa ndani ya neno moja. Neno «watakapoyashughulikia» lina herufi 21. Linasema jambo ambalo Kiingereza kingelisema kwa maneno matano au zaidi yenye nafasi baina yake. Msomaji wa Kiingereza hupewa mapengo hayo kama vituo vya kupumzikia. Msomaji wa Kiswahili hupewa ukuta. Na kama ilivyoelezwa, herufi 21 ni nyingi kuliko zinazoweza kunufaisha katika kituo kimoja cha jicho. Tafiti zilizofanywa kuhusu Kifini, lugha nyingine yenye maneno marefu, zinaonyesha kwamba neno la namna hiyo hulilazimisha jicho kutua ndani yake zaidi ya mara moja.

Hali hii haimaanishi kwamba Kiswahili ni kigumu kusoma. Viambishi vyake hujirudia kwa utaratibu, na mjuzi wa lugha huvitambua upesi. Inamaanisha tu kwamba mpangaji wa ukurasa hana budi kulipa neno refu nafasi linayostahili.

Kwanza, maandishi yaanzie upande wa kushoto na kuachwa huru upande wa kulia. Ipo tabia, iliyorithiwa kutoka kwa tasnifu na magazeti, ya kunyoosha pambizo zote mbili. Katika karatasi pana haina madhara. Katika rununu, ambapo mstari hubeba takriban alama 36, neno moja la herufi 21 hula zaidi ya nusu ya mstari. Likikosa nafasi, husukumwa chini, nayo maneno mawili yaliyobaki juu huvutwa mbalimbali ili kuujaza mstari. Mapengo hayo yakipangana wima kutoka mstari mmoja hadi mwingine huunda mito myeupe inayotiririka katikati ya aya, na jicho huifuata mito badala ya maneno.

Pili, kukata neno mwishoni mwa mstari kufuate silabi za Kiswahili. Vivinjari vya kisasa vina uwezo wa kukata maneno vyenyewe, lakini hutegemea kanuni za lugha iliyotajwa katika ukurasa. Ukurasa wa Kiswahili uliotangazwa kimakosa kuwa wa Kiingereza utakatwa Kiingereza, na msomaji ataweza kukuta «s» mwishoni mwa mstari na «h» mwanzoni mwa mwingine. Kiswahili kingekuwa rahisi mno kwa mashine: silabi zake nyingi ni wazi, hivyo neno hukatika baada ya irabu, wa-ta-ka-po-ya-shu-ghu-li-ki-a. Pale kivinjari kisipozijua kanuni hizo, mwandishi anaweza kutia ndani ya neno kistari fichu kisichoonekana hadi kihitajike.

Tatu, ving'ong'o. Herufi ng' ina ritifaa, na ritifaa ni mahali padogo penye maafa makubwa. Programu za uandishi huibadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, wakati mwingine ikielekea upande usiofaa. Kisha ukurasa ukihifadhiwa kwa mfumo mmoja wa usimbaji na kufunguliwa kwa mwingine, ritifaa hiyo moja hutokea kuwa alama tatu za kigeni, na ng'ombe wa mfugaji hugeuka kuwa kiumbe kisichotamkika. Tiba ni kuhifadhi kila ukurasa kwa usimbaji wa UTF-8 na kuutangaza waziwazi kichwani mwa ukurasa.

Nne, na hili halitajwi katika miongozo ya Kiingereza kwa kuwa haliihusu lugha hiyo: katika vitenzi vya Kiswahili mzizi hujificha nyuma ya viambishi. Msomaji wa tovuti aghalabu hasomi neno kwa neno. Jakob Nielsen aliripoti mwaka wa 1997 kwamba asilimia 79 ya watu aliowachunguza walipitia tu ukurasa mpya kwa macho, na asilimia 16 pekee ndio waliosoma kila neno. Uchunguzi wa mwaka wa 2006 wa kundi lilo hilo ulionyesha macho yakishuka upande wa kushoto na kuokota mianzo ya mistari. Basi na itazamwe orodha ya viungo isemayo «Kujiunga», «Kujisajili», «Kujibu maswali», «Kujitolea». Mianzo yote minne ni «kuji-». Jicho linaloshuka upande wa kushoto halipati chochote cha kutofautisha kiungo kimoja na kingine. Orodha hiyo ikiandikwa «Uanachama», «Usajili», «Majibu», «Huduma ya hiari», kila mwanzo una sura yake. Vivyo hivyo vichwa vya aya: «Utangulizi kuhusu suala la matumizi ya viambishi» huficha viambishi mwishoni, ilhali «Viambishi: matumizi yake» huwaweka wanaotafutwa mlangoni.

Ubeti Katika Rununu

Iwapo kuna matini inayoumizwa na tovuti kuliko nyingine zote, ni shairi. Katika tarbia ya kawaida, mshororo una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Sura hiyo si pambo. Ndiyo inayomwongoza msomaji mahali pa kuvuta pumzi. Mishororo miwili ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mfano:

Mwanga wa kiwambo hiki, macho mengi waumiza,
Mstari haukatiki, mwisho wake ni wa kiza,

Mshororo wa kwanza una alama 44, pamoja na nafasi na mikato. Katika rununu yenye nafasi ya alama 36, mashine itaukata hivi:

Mwanga wa kiwambo hiki, macho mengi
waumiza,

Kina cha kati kimemezwa katikati ya mstari, utao umepasuliwa, na neno «waumiza» limesimama peke yake kama mshororo kamili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeihesabu mizani kutoka katika ukurasa huo atahesabu nne mahali pa kumi na sita. Kosa hilo si la mtunzi wala la mwanafunzi.

Wanukuzi wa kale wa mashairi kwa hati ya Kiarabu walilijua tatizo hili. Walitia alama baina ya vipande ili msomaji asivichanganye, hata pale upana wa karatasi ulipowabana. Mpangaji wa tovuti anaweza kufanya vivyo hivyo: aigize kiwambo chembamba na kuamuru kwamba, nafasi isipotosha, mshororo ukatike kwenye mkato unaotenga ukwapi na utao, nao utao uingizwe ndani kidogo:

Mwanga wa kiwambo hiki,
      macho mengi waumiza,
Mstari haukatiki,
      mwisho wake ni wa kiza,

Vina vya kati vinaonekana, vina vya mwisho vinaonekana, na mizani haijapotea. Utenzi, kwa bahati njema, hauna shida hii: mshororo wake wa mizani nane unatosha karibu kila rununu. Huenda hiyo ndiyo bahari inayoifaa zaidi teknolojia ya leo, ingawa watunzi wake hawakuwa na habari.

Kwa shairi huru hali ni ya hatari zaidi. Tangu Euphrase Kezilahabi achapishe Kichomi mwaka wa 1974, wanamapokeo na wanamapinduzi wamebishana kuhusu iwapo tungo zisizo na vina ni mashairi. Vyovyote iwavyo, shairi huru limeuacha urari wa vina na mizani, na mahali mstari unapokatika ni miongoni mwa nyenzo chache za umbo lilizobakiwa nazo. Mashine ikikata mahali mtunzi hakukata, msomaji hana njia ya kujua. Suluhisho ni lile la wapiga chapa: sehemu iliyosukumwa chini na ufinyu wa ukurasa iingizwe ndani, ili ijulikane kwamba ni mwendelezo na si mstari mpya. Kulipuuza jambo hili ni kulihariri shairi la mtu bila idhini yake.

Ukubwa, Rangi na Mwanga

Kuhusu ukubwa wa herufi hakuna haja ya maneno mengi. Vivinjari vingi huanza na pikseli 16, na wanaopunguza hadi 11 au 12 ili ukurasa «upendeze» humtoza msomaji gharama ya upendezaji huo. Lililo muhimu zaidi ni kwamba msomaji aweze kujikuzia herufi hadi maradufu bila maandishi kupandana au kutoka nje ya kiwambo. Aidha, ukurasa usiotangaza kwamba unajirekebisha kulingana na upana wa chombo huchorwa na rununu nyingi kana kwamba kiwambo kina upana wa pikseli 980, kisha hupunguzwa wote mpaka herufi zinakuwa kama chembe za ulezi. Tangazo linalohitajika ni la mstari mmoja tu, nalo limekuwepo tangu mwaka wa 2007.

Aina ya herufi ilikuwa suala zito zamani, viwambo vilipokuwa hafifu. Mwaka wa 1996 Microsoft ilitoa Verdana na Georgia, zilizobuniwa na Matthew Carter mahususi kwa ajili ya kiwambo, zikiwa na matundu mapana ndani ya herufi. Viwambo vya leo vina ung'avu wa kutosha hivi kwamba aina nyingi za herufi za kawaida zinafaa. Zisizofaa ni zile za mapambo zinazoiga mwandiko wa mkono wa harusini, zikitumiwa kuandikia aya nzima.

Rangi ndiyo inayoendelea kuleta madhara. WCAG hupima tofauti ya mng'aro baina ya maandishi na mandharinyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe ina uwiano wa 21 kwa 1, ambao ndio wa juu kabisa. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1, na 7 kwa 1 kwa kiwango cha juu zaidi. Manjano halisi juu ya nyeupe haifiki hata 1.1 kwa 1. Zamani tovuti zilikosea kwa kelele: maandishi mekundu juu ya weusi, picha za maua nyuma ya aya, na maneno ya kumetameta ambayo kivinjari cha Firefox kiliacha kuyaonyesha mwaka wa 2013. Siku hizi zinakosea kwa unyenyekevu: kijivu chepesi juu ya nyeupe, chenye adabu nyingi na kisichoonekana nje ya chumba chenye pazia. Wabunifu huyapima maandishi yao ndani ya ofisi. Wasomaji wengi husoma wakiwa kituo cha matatu, jua la saa saba likiangaza juu ya kioo chenye ufa.

Msomaji Asiyeona

Kuna msomaji ambaye kwake urefu wa mstari na rangi si hoja. Mwanafunzi asiyeona hutegemea programu inayoyageuza maandishi kuwa sauti. NVDA, iliyoanzishwa mwaka wa 2006, hupatikana bila malipo, na chombo cha sauti kinachoambatana nayo, eSpeak NG, kina matamshi ya Kiswahili. Lakini programu haiwezi kubuni lugha ya ukurasa kwa kuitazama sura yake. Husoma tangazo lililofichwa kichwani mwa ukurasa, ambalo kwa Kiswahili ni herufi mbili tu, sw. Kurasa nyingi za Kiswahili hazina tangazo hilo, au hutangaza Kiingereza kwa kuwa kiolezo kilichonunuliwa kilikuja hivyo. Matokeo yake ni insha nzima kuhusu fasihi simulizi kusomwa kwa matamshi ya London: «mate» ikawa rafiki, «wake» ikawa amka. Anayesikiliza huambulia nusu.

Kosa kubwa zaidi ni kuweka maandishi kama picha. Miongozo ya masomo, ratiba za mitihani na hata matangazo ya vyama vya wanafunzi huchapishwa, hupigwa picha, kisha picha ndiyo inayowekwa mtandaoni. Programu ya kusoma haioni humo hata herufi moja. Anayeona vizuri naye hawezi kukuza bila ukungu, kutafuta neno, wala kunukuu. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia nyenzo za kumwezesha kukabili vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kuitetea ratiba iliyo picha.

Msomaji huyu ndiye pia anayeudhika zaidi na kiungo kisemacho «Bonyeza hapa». Yeye huweza kuiomba programu imtajie viungo vyote vya ukurasa mfululizo, naye hujibiwa: bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa. Kiungo kinachojiita «Ratiba ya mitihani ya muhula wa pili» humfaa yeye na humfaa kila mtu.

Sentensi Yenyewe

Mpangilio hauwezi kuiokoa sentensi iliyojaa. Katika uchunguzi uliotajwa hapo juu, Nielsen aliandika upya ukurasa mmoja kwa njia mbalimbali: kuufupisha hadi nusu ya maneno kuliongeza ufaafu wake kwa asilimia 58, kuupangia vichwa na orodha, asilimia 47, kuondoa majigambo, asilimia 27, na kuyafanya yote matatu, asilimia 124. Takwimu hizo zilitokana na Kiingereza, lakini mwandishi wa Kiswahili anaijua maradhi inayozungumziwa. Kiswahili cha kitaaluma kina mazoea ya kuunganisha vishazi vitano kwa «ambapo», «ilhali» na «hivi kwamba», mpaka kiima kinasahaulika. Kwenye karatasi msomaji hurudi nyuma kwa kidole. Kwenye rununu mwanzo wa sentensi umekwisha kupanda juu na kutoweka.

Urejeshi wa «amba-» wafaa kuangaliwa hasa. «Wanafunzi ambao watakuwa wamesajiliwa» huweza kuwa «wanafunzi watakaosajiliwa» bila hasara kubwa ya maana. Maneno yamepungua kutoka manne hadi mawili, ingawa la pili limerefuka. Kuchagua baina ya neno moja refu na maneno kadhaa mafupi ni uamuzi wa mwandishi, na hakuna kanuni moja inayotosha. Katika aya ya maelezo, ufupi wa sentensi una manufaa. Katika kichwa cha habari au kiungo chembamba, maneno mafupi yanayokatika vizuri huenda yakafaa zaidi.

Jaribio la ukurasa halihitaji maabara. Rununu ya bei nafuu itolewe nje adhuhuri, apewe mtu ambaye hakushiriki kuutengeneza ukurasa, na aombwe kutafuta jambo moja mahususi, kisha asome aya mbili kwa sauti. Asisaidiwe wala kusahihishwa. Mahali anapokwama, anaporudia mstari au anapokisogeza chombo karibu na uso pawekewe alama, na matengenezo yaanzie hapo.